Mkwe Asiyechuchumaa

Jumatatu, 9 Juni
Jimu, dedilifti tena. Chuma kimetoka sakafuni, nimesimama nacho, nimekishusha. Kiuno kinawaka. Kocha kasema nipunguze: mara mbili kwa wiki, uzito mwepesi, siku nyingine nitembee tu. Nimemwambia sawa. Nimeongeza sahani ya uzito.

Jumatano, 11 Juni
Baridi ya Malangali na huu upepo vinanimaliza. Kuvaa soksi ni kazi. Dukani mteja kataka misumari iliyo rafu ya chini, nimemwambia imeisha. Jioni nikaenda jimu. Sina akili.

Ijumaa, 13 Juni
Baba Mdogo Kaspari, mshenga wangu, kapiga simu. Jumapili tunashuka Muze kwa kina Skola, nikaonwe na wazazi. Nimemsubiri huyu binti mpaka kamaliza chuo. Sasa tatizo. Kwao mkwe anachuchumaa mbele ya baba mkwe, anapiga makofi ya salamu taratibu, na hainuki mpaka aambiwe. Nimejaribu chumbani. Nimeishia nusu ya safari, nimeshika kitanda.

Kusema naumwa mgongo siwezi. Mwanamume anayekwenda kuposa akitaja mgongo, watu wanaelewa kingine kabisa.

Jumapili, 15 Juni
Nimeharibu. Barabara ya kushuka mlima ilinimaliza kabla hatujafika. Mzee, baba yake Skola, katoka, Baba Mdogo kachuchumaa, mimi nimebaki wima. Nimetoa shikamoo nimesimama kama nguzo ya umeme. Mzee aliitikia huku anaangalia mbuzi. Tumekula. Skola hakunitazama.

Jumatatu, 16 Juni
Skola kapiga simu. Baba yake kasema hampi binti yake mtu mwenye kiburi. Nimemweleza ukweli. Kauliza, "Kwa hiyo umeona afadhali baba adharauliwe kuliko wewe uchekwe?" Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi.

Alhamisi, 19 Juni
Baba Mdogo kajitolea kunisafisha. Kaenda Muze kawaambia habari ya mgongo na ya kuinua chuma, kwa sauti, mbele ya mashangazi wa Skola. Sasa mashangazi wanauliza kama nitapata watoto. Mmoja katuma mizizi ya kuchemsha. Yeye anaona kanisaidia. Nimechoka na ndugu.

Jimu sijagusa wiki hii. Asubuhi natembea, usiku nalala na mto chini ya magoti. Kocha alisema hivyo tangu mwanzo, na kila tukikutana lazima anikumbushe.

Jumanne, 24 Juni
Nimeinua chuma kitupu, bila sahani hata moja. Nyonga nyuma, tumbo limekazwa, polepole. Mgongo haukulalamika. Washikaji wamecheka, wameuliza kama naogopa kuvunja sakafu. Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Nimerudia mara chache, nimeondoka zangu.

Skola kasema baba yake kakubali kuniona tena. Mara moja tu, hakuna nyingine.

Jumapili, 29 Juni
Muze, jua kali. Nimechuchumaa. Makofi nimepiga.

Mzee hakuniambia niinuke. Kauliza hali ya mama. Kauliza ulezi umetoka vipi mwaka huu. Kauliza habari za kila shangazi niliye naye, mmoja mmoja, bila haraka. Alijua anachofanya. Mgongo ukaamka, nikabaki chini najibu. Nzuri. Hajambo. Wanawasalimia.

Aliposema "Inuka, mwanangu," sikuweza. Hakuna aliyecheka. Kanishika mkono kanivuta mwenyewe, na hakuniachia mpaka tumeingia ndani.

Kauliza kile chuma nikishakiinua nakipeleka wapi. Nimesema nakirudisha chini. Kisha kanikalisha kwenye kiti chake, kile chenye egemeo, yeye kavuta kigoda. Skola kaleta ugali tukala.