Meli ya Githinji Haitakuja Mombasa

Makongeni,
Thika.
14 Agosti 1955.

Mpendwa ndugu Mwanzia,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto wote. Je, ule mguu ulioumia pale gatini umepona? Shemeji yako Wayua ananiuliza kila mara, na mimi sina la kumjibu. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetushika vibaya. Ukungu hauondoki mpaka saa nne, na vumbi la kiwandani linanikwaruza kifua. Lakini Mungu ametuweka.

Nyumbani Yatta mvua ilikatika mahindi yakiwa ya kimo cha goti. Mama ana nguvu bado, ila macho yamepungua, sasa anajua watu kwa sauti. Ukipata ruhusa kazini nenda ukamwone. Usingoje kuitwa kwa msiba.

Nikujibu sasa lile uliloliuliza. Uliandika kwamba umeshatengeneza mahali pa kuiweka ile meli, ukasema tuilete Krismasi. Ndugu yangu, haitakuja.

Githinji unamjua kwa barua zangu tu. Ni Mkikuyu wa Ruiru, jirani yangu wa mlango kwa mlango, na tulivuka bahari kwa meli moja kwenda vitani Burma. Wengine walirudi na ulevi. Yeye alirudi na ile meli kichwani, ikawa haimtoki. Jumapili baada ya kanisa tulikaa nyuma ya nyumba, yeye na patasi, mimi na msasa, tukachonga mfano wake kutoka gogo moja la muhugu. Madirisha yake ya mviringo tuliyatoboa kwa msumari wa moto. Mabomba ya moshi tuliyakunja kwa mikebe ya maziwa, na kamba zake ni nyuzi za katani alizozisokota Githinji mwenyewe pajani. Tulibishana sana. Ile picha ya meli uliyotutumia ilipofika, ikaonekana mimi nilikuwa nimeweka mashua za kuokolea watu mahali pasipo pake, Githinji alicheka mpaka wake zetu wakatoka nje kuona kuna nini.

Mwaka jana, katika hii hali ya hatari, askari waliizunguka Makongeni alfajiri. Wakatutoa sote nje, Wakikuyu wakaambiwa wakae chini upande mmoja, sisi wengine upande wa pili. Githinji alipakiwa kwenye lori na shati lake la kulalia. Akanigeukia akasema, "Baba Kalondu, angalia meli isinyeshewe." Hakupata nafasi ya neno la pili; mpaka leo yuko kambini, kizuizini.

Mkewe Ngendo na mtoto wao mmoja, Wamboi, walirudishwa Ruiru, wakatiwa katika kijiji kipya upande wa Mugutha. Kimezungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Mchana wanawake wanachimba kwa lazima, na jioni kuingia ni kwa filimbi. Meli nikaiweka chini ya kitanda changu.

Basi mwezi uliopita Benta, mama mmoja anayeuza mboga Ruiru, akaniletea neno kutoka kwa Ngendo: nimpelekee meli ya mumewe, tena upesi. Nilidhani amezidiwa na upweke, anataka kitu cha kumkumbukia mumewe. Nikaona aibu kumpelekea kazi nusu. Nikaimalizia ngazi na mlingoti wa nyuma, nikaipaka nta, nikaisugua mpaka ikang'aa. Nikaomba pasi, na Jumapili nikapanda treni.

Langoni kulikuwa na mwanamke ananyang'anywa vijiti alivyovificha ndani ya shuka. Askari alipomaliza naye akanishika mimi.

"Hii nini?"

"Meli, afande. Ya mtoto."

Akawaita wenzake. "Njooni muone. Hii itaelea kwenye handaki letu?" Wakacheka. Akapitisha kisu kila tundu akitafuta risasi, kisha akanirudishia.

Ndani ya nyumba ya Ngendo sakafu ilikuwa imelowa na mafiga yamepoa. Wamboi alilala juu ya gunia, anahema kama mtu aliyetoka mbio. Ngendo aliitazama meli, hakuigusa. Alitoka, akarudi na panga.

"Baba Kalondu, ipasue. Mikono yangu imevimba."

"Nipasue nini, mama Wamboi?"

"Hiyo. Mtu fulani aliwatupia watu wa msituni chakula nje ya handaki, basi kijiji kizima tumekatazwa kuni. Kitanda nimeshakichoma. Nikafikiri, kuni hawataziacha zipite, lakini kichezeo cha mtoto watakiacha."

Nilisimama na meli mkononi kama mjinga. Nikamuuliza, "Na Githinji?"

"Githinji atapata mti mwingine. Ngai! Unataka huyu agande nikimtunzia baba yake mti?"

Nikaipasua. Muhugu ni mgumu, panga lilikuwa linaruka, na sitakuficha, nililia. Iliposhika moto iliwaka vizuri, na moshi wake ukanukia nyumba nzima. Ngendo akapika uji, akachemsha maji, akamkanda mtoto kifua. Wamboi akanywa, akatoka jasho. Akauliza kama baba yake amekuja, maana amesikia harufu yake. Niliondoka kabla ya filimbi nikiwa na moyo mwepesi, nikafika nyumbani nikamwambia Wayua mtoto amepona.

Hakupona. Meli ilitosha moto wa siku ile na asubuhi yake. Kabla ya wiki kwisha Benta alikuja mlangoni akaniambia Wamboi ametutoka. Alizikwa na wanawake peke yao, kisha wakarudishwa kuchimba. Mimi niliomba pasi ya kwenda kumpa Ngendo pole, nikanyimwa.

Ngendo ameniagiza kupitia Benta nisimwandikie Githinji habari hii. Anasema barua za kambini husomwa kwanza na watu wengine, na jina la mtoto wake halitapita mikononi mwao. Atamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, siku wakimwachilia. Nawe nakuomba, ndugu yangu, kambi yake iko kwenye njia ya reli ya kuja kwenu, na maneno hayakosi mbebaji. Ukikutana na mtu wa huko, nyamaza.

Juzi imenifikia kadi yake, mistari michache. Anawasalimu Ngendo na Wamboi, halafu anauliza meli imefika wapi. Nimekaa na kadi ile siku nzima. Nimemjibu la meli tu. Nimeandika: imekwisha.

Nisalimie Zacharia na Idah, na wote wa nyumba yako. Wayua na Kalondu wanawakumbuka. Mungu awape moto jikoni na watoto wa kuuzunguka.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,

Kitheka