Jina la Babu Yake Mama

Dubai,
Mwezi wa Rajabu

Mdogo wangu Mwanaidi,

Nakusalimu kwa kheri, wewe na wote waliomo nyumbani. Kifua cha Mama kimetulia? Niandikie hali yake ilivyo, usinipambie. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua, kwa kuwa chumba cha vitabu cha arbab wangu, tajiri ninayemfanyia kazi, kina ngazi nyingi.

Nakuandikia kuhusu lile aliloniagiza Mama. Unajua kwamba kila Shaabani tunapowasomea hitima marehemu wetu, babu yake Mama hatajwi. Meli ya moshi aliyopanda ilizama, maiti haikuonekana, na mkewe akakataa kukaa eda kwa kuwa hakuna aliyemletea habari ya kifo. Mama anataka jina lisomwe kabla naye hajafa, lakini kwanza apate ushahidi.

Wiki iliyopita tulifungua sanduku la magazeti ya kale aliyoyanunua arbab. Njeri, binti wa Kikenya ninayefanya naye kazi, akaniita, "Mwalimu, si hii ndiyo ile meli yako?" Ilikuwa yenyewe. Nilimwomba asome orodha ya waliokufa. Akawasoma abiria wa vyumbani wote, kisha akaishia hapo.

"Endelea."

"Imeisha, Mwalimu. Hata mbwa wa kapteni ako na jina. Hawa wa sitaha wameandikwa tu 'na wenyeji kadhaa'. Pole sana."

Nimeyapekua magazeti yote yaliyobaki. Hakuna kitu.

Siku ya pili Mama akapiga simu. "Umeliona?" Nilikuwa bado natafuta maneno, naye akauchukua ukimya wangu kuwa ndilo jibu. Akasema, "Inna lillahi," akaanza kulia kama aliyefiwa asubuhi ile. Nikamwita, "Mama, nisikilize," lakini simu ilikuwa imekwisha kukatika. Sasa naambiwa amekwisha kuwaalika walimu wa kusoma hitima.

Kweli ni kwamba sijui. Huenda hata hakuipanda meli ile. Nimempigia Mama mara mbili ili nimweleze, na mara zote mbili nimeishia kumuuliza habari za mvua. Wewe uliye karibu naye, mweleze ukiweza. Ukishindwa kama nilivyoshindwa mimi, sitakulaumu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na Shangazi Asha anayemuuguza Mama. Mwambie Khamis, mdogo wetu wa mwisho, asiache kwenda kumtazama.

Walimu wakiuliza, anaitwa Haji bin Makame bin Khatibu. Lisomwe lote.

Kaka yako,
Omari