Kijiti Nilichokisogeza

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, kile chenye mguu mmoja mfupi. Bado kinayumba. Mama amekataa kirekebishwe.

Habari za hapa ni hizi. Mahindi ya bondeni yameota vizuri. Mbwa wako alisusa chakula siku tatu, halafu akala. Mama bado anasonga ugali wa kukutosha na wewe, na mimi asubuhi namaliza kiporo. Mtumbwi wako umepotea. Hilo la mwisho, la wiki iliyopita, ndilo lililonikalisha hapa.

Tulipoanua matanga, Baba Mdogo aliuliza mbele ya ukoo ni nani sasa atakayewapeleka wageni kuvua. Nikasema mimi, binti yako. Watu wakatazama chini. Miaka saba nimesimama nyuma ya mtumbwi wako na upondo mkononi, kila kona ya mto Momba naijua, lakini wageni walipofika walikusalimia wewe, mimi wakanipa mizigo. Baba Mdogo si mtu mbaya, unamjua. Alisema, "Haya Enesi, safari moja. Wageni wakirudi salama, na wameridhika, mtumbwi ni wako. Wasiporidhika nauchukua mimi, wewe urudi shambani."

Wakaja wawili. Mmoja wakala wa forodha kutoka Tunduma, mwenye fimbo mpya ya kuvulia na maneno mengi. Mwingine rafiki yake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mzee mpole, Ba Mulenga, ambaye kofia yake aliivua alipoona kaburi lako.

Nilianza kama ulivyonifundisha. Tuliposhuka kwenye mchanga chini ya ukingo, nilifunga mtumbwi kwenye mzizi, na kabla mshipi haujagusa maji nikachomeka kijiti mchangani, pale maji yanapoishia. Ulikuwa ukisema Momba haupigi hodi. Hapa jua linawaka, kumbe kule juu Mbozi mvua imeshanyesha na maji yako njiani. Kijiti kikizama, watu wanaondoka, hata kama samaki yuko kwenye ndoano.

Na ulikuwa hutanii. Unamkumbuka yule mgeni mnene aliyesafiri siku nzima, ukamkatia mshipi wakati kambare ameshatoa kichwa? Nilikuonea haya, Baba. Alinuna mpaka barabarani, na wewe ukawa unapiga mluzi. Usiku ule nilimwambia Mama kwamba utatufukuzia wageni wote.

Basi wakala akanasa kambare. Mkubwa kweli, fimbo ilipinda nikadhani itavunjika. Ba Mulenga akawa anacheka kama mtoto. Mimi nikageuka kukitazama kijiti, nikaona maji yamekimeza, imebaki ncha tu.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayejua. Nilikichomoa. Nikakichomeka juu zaidi, hatua mbili, kwenye mchanga mkavu. Nilijiambia kimedidimia tu, mchanga ni laini. Lakini nilikuwa nawaza maneno ya Baba Mdogo, na uso wa wakala akirudi Tunduma na hadithi kwamba yule mwanamke alimpotezea samaki. Kisha nikageuka na kumhimiza avute taratibu.

Mara ya pili sikukiona kijiti kikizama. Nilichoona ni povu na mabua ya mahindi yakipita, na maji yamekuwa mekundu. Nikatoa kisu nikakata mshipi. Wakala akanitukana. Nikamshika shati nikamsukuma kwenye ukingo, nikampa Ba Mulenga mzizi mwingine ashike, nikampandisha kwa bega. Nilipogeuka kuufuata mtumbwi, mto ulikuwa umeshaung'oa na mzizi wake. Niliuona unazunguka mara moja pale kwenye kona, ukaenda. Tulirudi kwa miguu, suruali ya wakala imejaa tope.

Ningekitii kijiti mara ya kwanza, tungepakia vitu vyetu na kuondoka tumekaa, tunapiga soga.

Sasa sikia kilichofuata. Barabarani Ba Mulenga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa lugha ya kwao, "Natotela sana, mama." Hata wakala aliomba radhi. Baba Mdogo amesikia kwamba nilikata mshipi nikaacha mtumbwi uende ili kuokoa watu, na amewatangazia wote waliotoka kanisani, "Huyu ni baba yake mtupu." Anasema mtumbwi si kitu, atanichongea mwingine. Ameshaangusha mti. Kila asubuhi nasikia shoka lake nyuma ya nyumba, na kila pigo linanichoma. Nausikitikia mtumbwi wako, Baba, ulikuwa na alama za mikono yako. Lakini sifa ndizo zinazonishinda. Wananisifu kwa jina lako, na mimi sikufanya kama wewe.

Nimejiuliza kama na wewe uliwahi kukisogeza, hata mara moja, ulipokuwa mpya. Hukuniambia. Labda mluzi ule ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujuta mara moja. Ningependa kujua, lakini hilo umeondoka nalo.

Sitaki mtumbwi niliopewa kwa uongo. Kesho asubuhi, kabla Baba Mdogo hajashika shoka, nitampelekea chai na nitamwambia yote, hata kijiti nilichokisogeza. Akiamua mtumbwi uwe wake, nitasimama nyuma nimshikie upondo, kazi hiyo naijua. Akiniachia, nakuahidi hivi: kijiti nikishakichomeka, mkono wangu hautakigusa tena, hata samaki awe mkubwa namna gani.

Pumzika, Baba. Shoka limenyamaza kwa leo.

Mwanao,
Enesi