Jina Langu Kwenye Kibali cha Pombe

Ilongero, Singida
14 Septemba 1953

Mpendwa kaka Filipo,

Shikamoo. Habari za huko Korogwe, na za kazi ya mkonge? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Sisi huku hatujambo, ila mama analalamikia magoti. Mtama umeshaingia ghalani; mwaka huu ndege hawakutuonea sana.

Kaka, nimeandika hasa kukushukuru. Barua yako ilifika siku nne kabla ya baraza. Bila hiyo, leo nisingekuwa na pa kuuzia pombe, na mwanangu Maria angeshaacha shule.

Mambo yalikuwa hivi. Tarishi wa mtemi alipita akitangaza kwamba hakuna tena kuuza pombe sokoni bila kibali, na wauzaji wote tuhamie kule mbugani. Wewe unakujua: mvua zikinyesha ni tope tupu, na watu wa mnada hawafiki. Nikaenda kuomba kibali cha kubaki karibu na mnada. Karani akanijibu kwamba mjane haombi mwenyewe, nilete neno la mwanamume wa kwetu. Ndiyo maana nilikuandikia kwa haraka vile.

Barazani barua yako ilisomwa mbele ya watu wote. Pale ulipoandika kwamba tangu shemeji yako afariki sijakuomba hata chumvi, nilishindwa kuinua uso.

Kisha akasimama Hussein mwenye duka. Banda langu lilikuwa linatazamana na mlango wake, kwa hiyo nikajua nimekwisha.

"Mimi sinywi pombe, na mlangoni kwangu siitaki," alisema. "Hilo nalisema wazi."

Watu wakaguna. Yeye akaendelea: "Lakini mwaka wa tatu huu mama huyu anafunika vyungu vyake kila Ijumaa mpaka tumalize kuswali, na hakuna aliyemwomba. Mkimpeleka mbugani mtamtesa na watoto wake. Mpeni pale kwenye mawe makubwa, upande wa pili wa mnada. Kwangu ni mbali, na kwa wateja wake ni karibu."

Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani aliyeongoza baraza, alikwenda mwenyewe kwa miguu kupatazama, akarudi, akakubali. Wanawake sita tumepewa nafasi pale, mwisho wa kuuza jua likizama.

Kuna jambo moja naomba usininunie. Karani alitaka kuandika jina lako kwenye kibali. Bwana Shauri akamkatiza, akauliza, "Anayepika ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi, bwana."

Basi likaandikwa langu, Raheli binti Leonidas. Nimelisoma mara nyingi, sikufichi. Sikukudharau, kaka. Mlango uliufungua wewe, mimi nimeingia tu. Na baba angelifurahi kuona jina lake pale.

Bibi Stumai, jirani yetu, hakupata. Hana ndugu wa kumwandikia, na nafasi zilikuwa zimejaa. Nilimkuta amekaa kati ya vyungu vyake kama mtu aliyefiwa. Nimemchukua tupike pamoja. Kuotesha kimea ananishinda kwa mbali, na watu wameanza kusifu pombe yangu kuliko zamani, nami nawaambia ni mkono wa nani.

Jumamosi iliyopita ndiyo tuliyoanza kuuza pale kwenye mawe. Kabla sijafunua chungu hata kimoja nilichota togwa kwenye kibuyu, nikampelekea Mboni, mke wa Hussein. Nilitaka kushukuru, na pombe haingefaa. Hussein mwenyewe akatoka, akanusa kibuyu.

"Haijachacha hii?"

"Bado tamu, mzee."

Akanywa palepale mlangoni, watu wa mnada wakimwona, akampa mkewe kilichobaki. Nikaenda kuanza kazi, machozi yananilengalenga.

Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Maria anasema shikamoo mjomba. Siku hizi anasoma barua zako bila kusaidiwa. Bibi Stumai naye anakusalimu. Tusalimie wifi Dina na watoto wote.

Mungu akukinge na miiba ya mkonge, akurudishe kwetu ukiwa mzima, nikupokee mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukushukuru,

Raheli