Tulikula Kalamu kwa Babu

Tumpe, shoga yangu,

Ugonile. Umeona? Nimekusalimia Kinyakyusa, usije ukasema tena mtu wa Tanga ana kiburi. Sasa nisikilize, maana nimechoka na sina wa kumwambia.

Makala yako imetoka. Ile ile uliyoihangaikia likizo nzima ya Desemba, ukaituma kwenye jarida la walimu Dar es Salaam, halafu ukaenda Njisi kuvuna mpunga na homa mwilini, ukafa kabla hawajakujibu. Hilo nalo bado sijakusamehe.

Jarida nililifungua palepale posta. Jina lako lipo, kubwa, na la shule yetu chini yake. Nikapiga kigelegele, watu wakageuka. Kisha nikasoma. Lahaula!

Wamekusahihisha, Tumpe. Makala nzima inahusu makosa ya watoto wetu, wanavyokuja darasa la kwanza na Kinyakyusa chao kisicho na r, wakaandika l kila mahali. Na huyo bwana wa Dar, sijui mhariri sijui nani, ameyasafisha makosa yote, moja moja, akidhani ni ya kwako! Ulipoeleza kwamba mtoto aliandika "Jana tulikula kalamu kwa babu", yeye kaweka "karamu". Sentensi yako inayofuata kaiacha vilevile: "Darasa zima lilicheka." Lilicheka nini? "Baba amekwenda kupiga kula" imekuwa "kura", na hapohapo wewe unamtuliza msomaji kwamba kosa hili ni la kawaida, lisimtishe mwalimu. Kosa lipi jamani? Ukurasa mzima hauna kosa! Mtu akisoma atadhani uliandika ukiwa na homa.

Ungeona ofisi ya walimu. Tangu biashara ya mpakani ifunguliwe imekuwa gulio: huyu kaleta sabuni kutoka Kasumulu, yule vitenge vya Malawi, kila mtu ana mfuko chini ya meza. Jarida likazunguka katikati ya sabuni. Mwalimu mpya aliyepewa darasa lako akasoma, akabetua midomo: "Kumbe marehemu alikuwa anaona makosa yasiyokuwepo?" Wakacheka. Nikamwambia afunge domo lake, na amenuna mpaka leo.

Fimbo haimtoki mkononi yule. Mtoto akisema "naomba luhusa", anachapwa kwanza, ruhusa baadaye. Wewe ulikuwa unasimama mbele yao na ndizi mbivu mkono huu, kalamu mkono huu, unawauliza ipi ni ya kula kwenye karamu, wanacheka mpaka wanashika matumbo, na polepole r inakuja yenyewe. Hicho ndicho ulichotaka walimu wenzako wasome: mtoto asipigwe kwa ajili ya lugha ya mama yake. Na hicho ndicho walichokifuta.

Nikawaandikia. Kwa adabu, ungejivunia. Nikaeleza, nikaomba waichape upya. Wakajibu kwamba kwa taratibu zao marekebisho hupokelewa kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Nikawaandikia tena: mwandishi amefariki, tumemzika sisi. Wakajibu! Wanatoa pole kwa msiba, na wameambatanisha karatasi, mwandishi atie saini.

Nilipiga ukelele, mwalimu mkuu akatoka mbio. Karatasi ipo mezani kwangu. Na mimi, mjinga, kila nikiiona nafikiri utapita mlangoni useme, "Lete nitie, una kelele wewe." Halafu nakumbuka. Nachukia kukumbuka. Nachukia kwamba niliyebaki kugombana na watu hawa ni mimi, wakati mwenye subira ulikuwa wewe.

Basi nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikaomba nipewe darasa la kwanza. Akashangaa: "Wewe wa darasa la saba, ukafundishe a e i o u?" Nikamwambia ndiyo, tena kesho. Amekubali. Yule mwenzetu anachukua darasa langu. Fimbo yake akaijaribu kwa wanaomzidi urefu. Na makala nitaiandika upya kwa majina yetu mawili, lako mbele. Chini ya kila kosa la mtoto nitapiga mstari na kuandika: hili msiliguse. Wakiligusa, napanda basi mpaka Dar es Salaam, wallahi.

Ndaga fijo, Tumpe, asante sana kwa yote. Lala salama. Nakuahidi hawatachapwa tena kwa ajili ya l, si mbele ya macho yangu.

Nimeanza jana. Mtoto wa dawati la mbele alinyoosha mkono, akasimama, akaniuliza, "Mwalimu Tumpe ataludi lini?"

Sikumsahihisha.

Mwenzako,
Zuhura