Makopo Yasiyo na Karatasi

Margareta,

Umebandua karatasi za makopo yote kabatini, sasa hatujui lipi maziwa, lipi samaki. Najua, mwalimu kataka msome karatasi mlinganishe chakula kipi kina nguvu zaidi. Asubuhi nimetoboa kopo matundu mawili, nikamimina kwenye chai ya bibi yako. Mchuzi wa samaki! Akaniuliza, "Anselmo mwanangu, nimekukosea nini?" Nikatoboa la pili: maharage. La tatu sikuthubutu.

Pasheni moto samaki na maharage, vyote mle leo, havifiki kesho.

~~Kesho huendi shule.~~ Nenda, urudi na karatasi zangu zote. Mwambie mwalimu samaki ana nguvu, kamwamsha bibi vizuri.

Hasara: makopo mawili ya Krismasi niliyoyapangia foleni duka la ushirika, sukari vijiko vitatu, na bibi yako, asiye na jino la kutafunia muhogo tuliokula sisi, kaenda kliniki na njaa.

Baba