Siku Mama Theresia Aliponiamkia

Mzee Margwe,

Shikamoo. Naandika kama vile utaitikia.

Sijui nianzie wapi, maana bado sijaamini. Ijumaa ulinikabidhi zahanati, ukasema unakwenda kupima presha tu. Jumatatu tukakuzika. Hata kulia sikulia. Msiba haujapoa nikapewa kiti chako, na habari kwamba zahanati yetu sasa ni kituo cha afya: wagonjwa walazwe, zamu ziwe tatu, usiku tufungue.

Nikaitisha kikao. Mzee, niliogopa. Niliona nikiingia kinyonge watanipanda kichwani, maana wote wananizidi umri. Basi nikasema "habari zenu" kwa mkupuo, Mama Theresia akiwemo, yule mhudumu wetu aliyeanza kazi hapa nikiwa bado nanyonya. Nikasoma ratiba niliyoipanga peke yangu, nikaibandika ukutani. Wote wakajibu "sawa." Nikatoka kichwa kimevimba.

Asubuhi nikakutana na Mama Theresia getini. Akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, bosi."

Kwangu mimi. Mtu wa umri wa mama yangu. Sikuitika, nani angeweza? Akatundika koti lake la kazi kwenye msumari, akarudi nyumbani. Siku tatu hakuonekana. Wajawazito wakimuulizia, wakiambiwa hayupo, wanarudi makwao. Wauguzi wawili nao wakaanza kuzungumzia uhamisho. Nikaona kituo kinanifia mkononi.

Jana jioni nilimfuata kwake. Nikasimama nje ya zizi, nikamwamkia. Aliendelea kukamua mpaka akamaliza ng'ombe mzima. Ndipo akasema, "Marahaba. Hata Margwe alisimama hapo hapo, mwaka wake wa kwanza."

Wewe? Wewe niliyedhani umezaliwa unajua kukaa na watu? Miaka yote ile hukuniambia. Nilikukasirikia, mzee, halafu nikalia kwa mara ya kwanza tangu ufe, mbele ya ndoo ya maziwa ya watu.

Akanieleza kwamba zamu ya usiku niliyompangia anaiweza, ila alitaka kuulizwa. Kesho anarudi.

Pumzika, mzee wangu. Ratiba nimeibandua. Nitawapitia mmoja mmoja, nisikie kwanza. Na atakayenifuata kazini nitamwambia mapema kwamba tulikosea wote wawili, mimi na wewe.

Wako,
Emanueli